Swichi ya Upande Wako wa Kitanda

Mama Nekesa,

Ndugu yangu Wanyama alinipigia simu Jumapili nikiwa nafua. Anasema fundi wa stima ameanza kupitisha paipu za waya kwenye kuta za nyumba yetu kule nyumbani, na Jumamosi hii wanapiga plasta. Akaniuliza chumbani tunaweka swichi ngapi. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Nimemwambia moja inatosha, hapo mlangoni. Ya kitandani ni ya nini sasa?"

Ndugu yangu si mtu mbaya, unamjua, ni vile tu husema kitu kilivyo. Nikamwambia asubiri, asifunge ukuta. Nakuandikia wewe kwa sababu ahadi ni yako, na sina mtu mwingine wa kuuliza.

Bado niko hapa mjini, mtaa wa Huruma, chumba kilekile. Swichi mlangoni, kitanda dirishani, na katikati meza, ndoo na viatu vyangu. Miaka yote ile ilibidi mmoja wetu atoke kwenye blanketi akazime taa. "Baba Nekesa, leo ni zamu yako." Nami nakwambia jana ilikuwa yangu. "Jana ilikuwa Jumanne. Jumanne haihesabiwi." Nimebeba marobota ya mitumba sokoni Gikomba kutwa nzima, mabega yanawaka, na bado naamka, nagonga ndoo kwa kidole cha mguu, na wewe unacheka huko ndani ya blanketi. Halafu unasema: "Siku tukiwa na nyumba yetu nataka swichi mbili. Moja ya kuingilia, moja ya kulalia." Nikasema sawa. Nilisema kama mtu anayetaka kulala, lakini nilisema.

Siku hizi nazima mwenyewe kila siku. Kuna siku nakaa kitandani naangalia taa tu, nangoja mtu aanze ubishi.

Ile swichi ya zamani haipo tena. Ile iliyokuwa ikitatarika kama mafuta kwenye karai, ikageuka rangi ya chai pembeni. Ulinigombeza nikiigusa na mikono yenye maji: "Stima haijui wewe ni bwana wa nani." Na msimamizi wa ploti hii tunayopanga alipoizungushia utepe mweusi ulimwambia ameifunga bandeji wala hajaitibu. Ulisema kweli. Mwezi mmoja baada ya kukuzika ilianza kutoa harufu ya plastiki inayoungua. Nilimwomba azime kwenye boksi kubwa kule chini, akabaki na ufunguo mkononi, nikapima kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa, nione kama kweli stima imekatika, ndipo nikafungua. Haya nilijifunza zamani nikimshikia fundi ngazi kwenye mjengo. Ndani, skrubu moja ilikuwa imelegea. Waya ulikuwa unacheza, na kule kucheza ndiko kulikoleta joto. Tumelala na kitu hicho miaka yote, na dawa yake ilikuwa kukaza kwa bisibisi! Nilikata ncha iliyoungua, nikafunga swichi mpya, nikakaza, nikavuta waya kuona kama unatoka. Haukutoka. Taa ilipowaka niligeuka nikuonyeshe.

Sasa nikuambie ujinga wangu, ucheke. Swichi za nyumbani nilizinunua mapema, mbili, nikaziweka kwenye sanduku pamoja na vyeti vya Nekesa. Nilijiona nimemaliza kazi. Juzi nilizibeba, nikapita tena duka nilikozinunua, lile la vifaa vya stima karibu na Shauri Moyo, kuuliza paipu inapita wapi, na mama mwenye duka akataka kuziona. Akazigeuza.

"Hizi ni za taa ngapi, mzee?"

"Moja."

"Basi umenunua shida. Hiyo taa yako haitawaka mpaka watu wawili wakubaliane. Huyu awashe mlangoni na yule awashe kitandani. Mmoja akikataa, mko gizani."

Watu dukani wakacheka. Nilicheka pia. Sikumwambia kwamba wa kukubaliana naye hayupo.

Akanionyesha nyuma ya swichi. "Hesabu skrubu." Mbili. Akatoa nyingine. "Hesabu." Tatu. Hiyo ya tatu ndiyo inayofanya swichi mbili zisikilizane, na kati yao lazima zipite waya mbili ndani ya ukuta. Ndiyo maana kazi hiyo haiwezi kungoja plasta ikauke. Akanifanya nizibofye moja moja, nikisikiliza. "Ikate mara moja, isisite katikati. Inayosita itakuunguzia nyumba." Nilibofya mpaka mteja wa nyuma yangu akauliza kama nanunua swichi au napiga ngoma. Nimezipata mbili nzuri, nyeupe, ngumu kidogo. Ungezipenda. Ungesema tu ni kubwa.

Jana Wanyama alipiga tena. Alisema fundi hataki kukata ukuta bure. Akasema, polepole sasa, "Ndugu yangu, huyo mtu amelala nje." Najua umelala wapi. Mimi ndiye niliyetupa mchanga wa kwanza. Na najua nyumba ile uliingia mara moja tu, haina milango, haina sakafu, ukiwa kwenye jeneza, kwa sababu mke wa mtu hazikwi bila kulala usiku mmoja ndani ya nyumba yake. Taa tuliyokuwashia ilikuwa ya kuazima. Nilichelewa. Marobota yote yale, na nilichelewa.

Nikamwambia Wanyama akate ukuta.

Akauliza juu kiasi gani kutoka sakafuni, na mbali kiasi gani na mto. Hapo nikakwama. Nililala kitandani nikanyoosha mkono, lakini mkono wangu ni mrefu, na wewe ulikuwa mfupi, hata kamba ya nguo hukuifikia. Basi nikatoa sweta yako ya kijani. Nikaweka bega lake kwenye mto, nikanyoosha mkono wa sweta mpaka ukutani. Ulipoishia nikaongeza kiganja, kile chako kidogo, kwa kukumbuka. Nikaweka alama kwa kalamu, nikapima kwa futi, nikamsomea Wanyama vipimo.

Kisha akauliza, "Upande gani?"

Nikasema wa ukutani. Huko ndiko ulikolala siku zote.

Nekesa yuko kwa mama yako, anasoma, amerefuka mpaka amenipita begani. Mengine sina. Pumzika, mke wangu, usinihesabie zamu nilizokwepa. Desemba nitapanda basi na swichi zote mbili mfukoni, nizifunge kwa mkono wangu, na kila nikirudi nyumbani nitazima kwenye boksi nikaze skrubu zake. Nami nitalala upande wangu uleule, wa nje. Nikitaka kuzima taa itabidi ninyooshe mkono nipitishe juu ya mahali pako.

Mimi,
Baba Nekesa