T19.1: Kitu Kigeni Kwenye Kibofu

Jumatatu, 3 Machi

Faili kumi na tisa kabla ya chai ya saa nne. Vidole vimewaka leo. Malaria, kisukari, mguu uliovunjika, kisukari tena. Daktari anaandika ugonjwa kwa maneno, mimi naugeuza kuwa herufi na namba. Misimbo. Dada yangu kule Kakamega bado anawaambia watu kanisani kwamba mimi ni nesi. Nimechoka kumsahihisha.

Saa tano ikaja T19.1, faili ya wiki iliyopita. Kitu kigeni kwenye kibofu cha mkojo. Mutua wa meza ya pili akaanza kucheka, maana T19 ndiyo kichekesho cha ofisi yetu. Watu huingiza vitu mahali Mungu hakukusudia. Nami nilicheka, sisemi uongo. Kisha nikasoma ripoti ya skani. Kitu chembamba, kirefu, ncha imejikunja. Nikaacha kucheka. Kitu gani cha nyumbani kinajikunja vizuri hivyo?

Mgonjwa ni mzee wa miaka sitini na mmoja, askari wa geti huko Lavington. Jina siliandiki hata hapa. Daktari ameandika "anakana kuingiza chochote." Kama polisi. Kapewa vidonge, arudi baada ya mwezi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekipata! Nimekipata!

Ni mrija. Wakikutoa jiwe la figo hukuwekea mrija laini kutoka figo hadi kibofu, ncha zote mbili zimejikunja ili usiteleze. Unakaa wiki chache, unatolewa. Nilimtafuta mzee kwa namba ya simu, nikapata faili moja tu. Nikajaribu kwa namba ya kitambulisho. Ikatokea ya pili, ya tawi letu la katikati ya jiji. Juni mwaka jana: jiwe limetolewa, mrija umewekwa, arudi wiki sita.

Hakurudi. Na najua kwa nini. Sisi hufungua faili kwa namba ya simu. Mzee alibadilisha laini, akaja huku Westlands, akasajiliwa kama mtu mpya asiye na historia. Ujumbe wa kumkumbusha ulikwenda kwa laini iliyokufa. Miezi tisa mrija umo ndani!

Nilipiga meza kwa kiganja. Mutua akaruka. "Nekesa, tulia basi, utatuua na pressure." Sikutulia. Nimetembea nyumbani nikiongea peke yangu kama mlevi. Naona aibu kidogo, mtu mgonjwa na mimi nashangilia. Lakini ni furaha, siwezi kuiita jina lingine.

Jumatano, 5 Machi

Shangwe imeingia mchanga.

Mzee alishakuja Westlands mara tatu kabla ya hii. Septemba, Novemba, Januari. Mara zote N39.0, maambukizi ya njia ya mkojo. Mfumo wetu hukuletea msimbo wa ziara iliyopita. Ukibonyeza Enter umemaliza. Sote tunabonyeza. Tuna faili nyingi.

Ya Novemba ina jina langu. Siku hiyo daktari aliandika chini kabisa: kovu dogo kiunoni, upasuaji wa awali? Na alama ya kuuliza. Sikusoma. Nilibonyeza.

Chapati imenishinda leo. Mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Sisi wa misimbo hatumpigii mgonjwa simu. Hatumwambii daktari ugonjwa. Tunaandika swali kwenye fomu, na swali lisimwongoze kwenye jibu. Hiyo ndiyo amri ya kwanza, ukiivunja utafukuzwa.

Nikaandika ukurasa mzima. Alama za mshangao sita. Madam Mwende, bosi wetu, mwanamke wa Machakos asiyepandisha sauti, akasoma hadi mwisho. "Hii ni swali ama ni kesi ya kortini? Rudi ukaandike kile umeona. Si kile unajua."

Nilimchukia kwa dakika kumi. Kisha nikaandika mistari mitatu. Skani ya Februari inaonyesha hiki. Faili ya Juni, kitambulisho kile kile, inaonyesha mrija umewekwa. Sijaona rekodi ya kutolewa. Tafadhali fafanua kitu hiki ni nini. Chini visanduku: kimeingia kutoka nje, kifaa cha upasuaji, kingine, haijulikani. Mistari hiyo ni mikali kuliko ule ukurasa. Alikuwa sahihi, mama yule.

Daktari ana siku saba za kujibu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku saba! Nimesoma asubuhi yote. Mrija ukikaa sana huota mawe juu yake, mkojo ukarudi nyuma, figo ikafa polepole bila kelele. Haraka haraka haina baraka, sawa, na figo je?

Saa saba mchana nikachapisha fomu nikashuka kliniki. Daktari alikuwa mlangoni na koti mkononi, anaenda kula.

"Nani amekutuma na hii?"

"Hakuna, daktari. Nimejileta. Ni mistari mitatu tu."

Nilijiuma ulimi, nisije nikamwongoza. Akasoma amesimama. Akasoma tena. Akatundika koti, akafungua kompyuta, akachukua simu.

Mteja hapatikani. Mara nne.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimeomba kwa ajili ya betri ya simu ya mtu nisiyemjua. Mungu ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Jumatatu, 10 Machi

Amepatikana! Simu ilikuwa kwa fundi. Amelazwa leo mchana. Figo ya kulia imevimba lakini bado inafanya kazi. BADO INAFANYA KAZI. Mutua kaninunulia soda. "Wewe ni noma, Nekesa." Ndiyo, leo mimi ni noma!

Jumatano, 12 Machi

Upasuaji saa tatu asubuhi. Hadi saa nane sijui kitu. Nimeweka misimbo ya faili sita tu. Saa tisa daktari kapita mlangoni kwetu, akainua kidole gumba, akaenda zake.

Ijumaa, 14 Machi

Mzee ameruhusiwa kwenda nyumbani. Faili imefika mezani kwangu. Nimeisoma yote, polepole, hadi karatasi za manesi.

T19.1 nimeiondoa. Nimeweka T83, tatizo la kifaa kilichowekwa na sisi wenyewe. Mrija umetoka mzima. Figo imebaki.

Kwenye karatasi ya mwisho nesi ameandika: mgonjwa ameuliza nani aligundua, ameambiwa ni daktari, ameshukuru sana.

Ni sawa. Hakuuliza pia ni nani aliyebonyeza Novemba. Majibu yote mawili yangekuwa jina moja.

Nimefungua faili iliyofuata. Mwanamke, kikohozi, wiki mbili. Nimeanza kusoma toka juu.