Sekunde Tisa za Kaseti

Eldoret, 3 Februari 2024

Mpendwa binti yangu Jerop,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Nairobi, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Mimi nipo. Mapafu yamegoma na pumzi haitoshi hata kuongea kwa simu, lakini mkono bado unaandika. Naomi anayenitunza anasema nikiacha kubishana naye nitafika Pasaka.

Filamu yako imefika. Nimetazama dakika mbili za mwanzo mara kumi na moja, mpaka Naomi akauliza, "Mwalimu, hii sinema haina katikati?"

Ina katikati, lakini mwanzo ndio umenishika. Unaanza na giza. Mtu anasikia kabla ya kuona: kaseti inakwaruza, marehemu mama yako Seline anavuta pumzi, anacheka kidogo, anasema "Jerop," basi. Kitufe kinabonyezwa. Anaingia yule mwalimu wa vipindi vya shule redioni: "Hamjambo, watoto?" Kisha ananyamaza ili darasa lijibu, kama walivyokuwa wakifanya. Hapo ndipo ulipofungua picha: jikoni kwetu Ainabkoi, kiti kitupu, kamera iko chini, usawa wa macho ya mtoto wa miaka minne. Haisogei. Ukungu ndio unaosogea, unaingia mlangoni. Swali limeulizwa na hakuna wa kujibu. Nimefundisha fasihi miaka thelathini na minne na sijaona kimya kikitumiwa vizuri hivyo. Tena hukuweka muziki. Asante kwa kutoweka muziki.

Mengine nitaandika nikipata nguvu.

Babako,
Joash Kiplimo


Nairobi, 12 Februari 2024

Baba mpendwa,

Habari za siku nyingi? Kikohozi kimeisha. Pole kwa mapafu, na umsalimie Naomi. Mwambie asikuachie ushindi.

Watu wameisifu filamu, lakini hakuna aliyesikia kimya cha lile darasa isipokuwa wewe. Barua yako nilimsomea Edwin, anayenishughulikia sauti, akasema, "Huyu mzee tungemwajiri."

Lakini ulitufundisha tuangalie pia kile msomaji anachoruka. Baada ya kiti kuna picha ya karibu: kaseti mezani, sekunde tisa nzima, mwanga unapita juu yake. Hukuigusa.

Edwin amenizidi umri, anazijua kaseti. Alinionyesha kwamba kile kiplastiki cha juu kilivunjwa, ili mtu asirekodi tena juu yake. Halafu tundu limezibwa kwa selotepu, ili irekodike tena. Maisha yangu yote umeniambia ulirekodi kipindi cha hesabu kwa bahati mbaya, ukidhani kaseti ni tupu. Baba, selotepu haijibandiki yenyewe.

Picha ile niliiweka kwa ajili yako. Mama alisema nini?

Mwanao,
Jerop


Eldoret, 28 Machi 2024

Mwanangu Jerop,

Samahani kwa kuchelewa. Nililazwa wiki tatu. Sasa nimerudishwa nyumbani, na sote tunajua kwa nini. Sijakuuliza hali yako. Nitauliza nikimaliza, kama bado utataka kunijibu.

Picha ile niliiona mara zote kumi na moja. Ni nzuri kuliko zote. Mwanga unafika kwenye selotepu, unasita, na alama ya kidole changu cha mwaka wa tisini na nne bado inaonekana chini yake.

Mama yako alirekodi akiwa hospitalini, mwezi mmoja kabla hajafa. Dada yake Tryphosa ndiye aliyemshikia redio ya kaseti. Kiplastiki alikivunja mwenyewe. Baada ya mazishi nikasikiliza. Alikusalimu, akakuambia usiogope ng'ombe, kisha akasema: "Nataka ukae Soy kwa mama mkubwa Tryphosa. Joash anajua kufundisha watoto. Kulea hajui."

Nikazima. Asubuhi nikaenda nayo shuleni, nikabandika selotepu, nikarekodi hesabu za darasa la tano. Tryphosa alipokuja kukuchukua nilimfukuza, nikamwambia asikanyage kwangu tena. Wewe nikakuambia alitutupa. Ulipofika miaka kumi na minane alituma mtu kuuliza. Nikamjibu kwamba umesikiliza kaseti yote na humtaki.

Sikukosea kaseti, Jerop. Niliogopa kubaki peke yangu katika nyumba ile. Na yaliyofuata baada ya sentensi hiyo siyajui. Sikusikiliza mpaka mwisho, mimi niliyewakemea wanafunzi kwa kuhukumu kitabu kabla ya kukimaliza.

U hali gani?

Babako,
Joash


Nairobi, 3 Aprili 2024

Mzee Joash,

Barua nimepata. Sina salamu leo.

Siji Eldoret. Naenda Soy.

Jerop


Soy, 7 Aprili 2024

Baba,

Mimi mzima. Natumaini pumzi bado ipo, na Naomi anakusomea hii polepole.

Naandika mezani kwa mama mkubwa Tryphosa, naye anachungulia begani kwangu, kwa hivyo nachunga maneno. Nilipoingia aliniangalia juu mpaka chini. "Umechelewa," akasema. "Chai imepoa miaka kumi na sita, tangu nilipotuma mtu." Alikuwa ameamini kwamba nilisikiliza nikamkataa. Tulilia, kisha akapasha chai.

Kaseti yote anayo kichwani. Anaigiza hata kikohozi cha Mama. Edwin, niliyekuja naye, amemrekodi. Baada ya pale ulipozima, Mama aliendelea hivi:

"Kaa huko mpaka ujue kujifunga viatu na kuchota maji bila kumwaga. Halafu urudi kwa babako. Atakuwa ameacha kulia. Mwambie akufundishe kutazama vitu, maana hakuna anayetazama kama yeye. Alinitazama mimi siku ambazo hakuna mwingine aliyenitazama."

Mwaka mmoja, Baba. Labda miwili. Ndiyo hayo tu aliyokuomba.

Nina hasira, na zitakaa. Mwanzo wa filamu sitaubadilisha. Mama mkubwa anasema, "Mwambie huyo Joash asithubutu kufa kabla ya Jumatano. Nina maneno naye ya tangu tisini na nne, na nimeyapanga." Nikamwambia huna pumzi ya kumjibu. "Hapo ndipo vizuri," akasema.

Tunakuja Jumatano, na Edwin atabeba spika. Sauti ni ya Tryphosa, maneno ni ya Mama. Safari hii usizime.

Mwanao,
Jerop