Waya wa Kijani

4 Mei

Amplifaya ya baba yako imeongea. Jana saa kumi jioni, baada ya miaka kumi na moja ya kufunikwa shuka pembeni mwa kabati, imeongea, na majirani wa nyumba ya tatu wamekuja kuuliza kuna nini.

Ndiyo nakusalimu sasa, furaha imenitangulia. Hujambo mwanangu? Kile kikohozi kimeacha kukusumbua? Sisi huku wazima, magoti yangu tu ndiyo yanayonidai nikipanda ngazi za ukumbi. Cherehani inanguruma, oda hazikauki. Juzi nimeshona suti sita za wanakwaya, na kiongozi wao amesema hajaona mshono wa namna hii tangu azaliwe. Nilimwambia hajatembea, lakini moyoni nilikubali.

Sasa sikiliza. Fundi redio wa kona, yule tunayemwita Taratibu kwa jinsi anavyofanya kazi, aliifungua akaikuta imejaa vumbi na buibui watatu. Akabadilisha zile taa zake za kioo mbili, akaiwasha. Baba yako mdogo alikuwa amekaa tayari na gitaa la umeme la marehemu mapajani. Alipogusa uzi wa kwanza nililia, na mimi si mtu wa kulia, unanijua. Haivumi hata kidogo. Baba yako mdogo anasema nyuzi zinamtekenya vidole kama sisimizi. Tukacheka sana. Nilimwambia ndugu yako marehemu anakusalimia, shemeji.

Ukumbi wa reli unafunguliwa upya tarehe 18 Juni, Jumamosi. Wameomba bendi ya baba yako ipige. Nami nimeshasema, mbele ya mwenyekiti na mkewe, kwamba mwanangu atakuja na lile gitaa lake linalolazwa chali kama mgonjwa na kukanyagwa kwa miguu, na apige pia la umeme, yote mawili ndani ya amplifaya ya baba yake. Mke wa mwenyekiti mwanawe anapiga filimbi tu. Nilimwangalia tu.

Usiniangushe.

Mama yako


13 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma mezani kazini mpaka msimamizi akaniuliza nacheka nini. Kikohozi kimekwisha. Magoti yakande kwa maji ya moto, wala usipande zile ngazi kila siku kwenda kunitangaza.

Nitakuja. Nimeshaomba ruhusa. Ila kuna jambo la amplifaya, nalo usikasirike kwanza.

Mimi kila Jumamosi napiga magitaa mawili, na kwenye gari la bendi nafasi yangu ni ya amplifaya moja tu. Mwezi mzima sasa naenda dukani kila siku ya mapumziko, mwenye duka amechoka kuniona. Nimejaribu tatu. Ya kwanza ni ndogo, ya taa za kioo kama ya baba. Gitaa la umeme linaimba humo, mama, unaweza kulia. Lakini nikiweka gitaa la pedali, lile la kulazwa chali, nikikanyaga na kupandisha sauti nene, inazidiwa, sauti inakuwa uji. Gitaa la pedali linataka amplifaya yenye nguvu ya akiba, iseme kila noti wazi hata ukiisukuma. Ya pili ina nguvu hizo, lakini kuibeba ni watu wawili na maombi. Ya tatu ni nyeusi, haina taa ndani, ni ya transista, ina spika moja pana kama sinia. Humo gitaa la pedali linatoka safi kama maji ya mtungi. La umeme linatoka baridi kidogo, ila nimegundua nikipunguza sauti za juu na kuongeza mwangwi kiasi, linapata joto. Nimeipenda hiyo. Nimeshailipia. Ndiyo nitakayokuja nayo.

Ya baba nitaipenda daima, lakini si ya kazi yangu.

Na hili la nyuzi kumtekenya baba mdogo silifurahii. Gitaa halitakiwi kutekenya. Nitazamie plagi yake, ina pini ngapi, na waya uliomo ndani una nyaya ngapi? Muulize fundi Taratibu. Halafu nikuulize jambo ambalo sijawahi kukuuliza. Usiku ule baba alipoanguka jukwaani nilikuwa mdogo, nilikuwa nimelala kwa jirani. Alikuwa anafanya nini hasa wakati ule?

Msalimie baba mdogo. Mwambie apumzike kwanza kupiga mpaka unijibu.

Mwanao


20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika. Kwa hiyo amplifaya iliyokulisha, iliyokupeleka shule, leo sauti yake ni uji. Haya. Njoo na sinia lako. Tutaziweka mbili jukwaani, watu wachague kwa masikio yao. Mimi ninajua watakayochagua.

Baba yako mdogo anakusalimu, anasema hawezi kupumzika, vidole vyake vimepumzika miaka kumi na moja vinatosha. Mazoezi ya kwanza ni ukumbini, Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 29, saa nne asubuhi. Ataimba mwenyewe ule wimbo wa mwisho wa baba yako. Ukumbi umenunua maikrofoni mpya, ya chuma, inang'aa kama kijiko cha harusi.

Umeuliza habari za plagi. Ina pini tatu, lakini fanya kama ina mbili, na hapo ndipo nikupe siri ambayo sijampa mtu. Nakupa wewe kwa kuwa ni sifa yangu, na sifa ya mama ni mali ya mtoto.

Unakumbuka ilivyokuwa inavuma? Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Ilivuma vibaya mno. Wiki moja kabla ya onyesho lile kubwa, watu walipiga kelele kutoka viti vya nyuma, "Bendi ya nyuki, leteni asali." Baba yako alirudi nyumbani hakula. Mimi niliona uchungu kuliko yeye. Sasa kulikuwa na fundi mmoja wa zamani, mpenda kujionyesha mbele ya wanawake. Aliwahi kunionyesha ndani ya plagi waya wa kijani wenye mstari wa njano, akasema mvumo unapitia humo, lakini mama usiuguse. Kuniambia mimi usiguse.

Siku ya onyesho baba yako alipokwenda kuoga, niliifungua plagi kwa ncha ya kisu, nikaukata ule waya kwa mkasi wangu wa kazi, ule mkubwa, nikafunga kama ilivyokuwa. Hakujua mpaka kufa kwake. Na usiku ule, mwanangu, ukumbi mzima ulisikia gitaa tupu. Kimya katikati ya noti kilikuwa kimya cha msikitini. Baada ya wimbo wa kwanza alinigeukia kutoka jukwaani, akaonyesha vidole vyake, akavitikisa na kucheka, kama anasema vinawasha kwa utamu. Nyimbo tatu akapiga bila kuimba. Wa nne ulikuwa wake mwenyewe wa kuimba. Alisogea kwenye maikrofoni, akaweka mdomo, ndipo moyo ukamsimama. Daktari alisema moyo. Na moyo wake ulikuwa mkubwa kweli, hilo hata wasiompenda hawabishi.

Kwa hiyo mvumo niliutibu mimi, mshona nguo, darasa la saba. Taratibu alipotaka kuweka waya mpya nilimwambia, fundi, wewe weka taa, waya niachie. Akasema, "Mama, haya, lakini sipendi." Hapendi kitu yule, hata chai.

Nimekujibu yote. Sasa nawe ondoa wasiwasi, uje na suti, kipimo chako bado ninacho.

Mama yako


27 Mei

Mama, shikamoo. Salamu nyingine nitazileta mwenyewe.

Nimepiga simu ya duka la jirani tangu jana, haiiti. Barua hii nimempa mkononi dereva wa lori la saruji anayepita kwenu, ameahidi kufika Jumapili asubuhi. Ukiisoma usimalize kwanza. Nenda ukumbini uchomoe ile amplifaya ukutani, halafu urudi usome.

Kama umerudi, soma. Ule waya wa kijani kazi yake si mvumo. Mvumo unapitia humo kweli, lakini kazi yake ni kumwokoa mtu. Amplifaya kuukuu ikivuja umeme ndani, umeme ule unashuka na waya wa kijani na kuzama ardhini. Ukiukata, unakosa njia, unakaa kwenye nyuzi za gitaa unangoja. Mtu akishika nyuzi peke yake anatekenywa tu, basi. Lakini akigusa maikrofoni ya chuma kwa mdomo huku mkono uko kwenye nyuzi, umeme umepata njia. Yeye ndiye anakuwa waya.

Mimi kwenye gitaa la pedali nina chuma mkononi, chuma magotini, chuma miguuni. Hili ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa, hata kabla ya kutafuta sauti.

Baba mdogo asiimbe. Asiishike kabisa. Mpe Taratibu aweke waya, na mwambie samahani.

Mengine sitaki kuyaandika.

Mwanao


31 Mei

Mwanangu,

Baba yako mdogo ni mzima. Nimeanza na hilo usije ukasoma barua nzima roho mkononi.

Dereva wako alifika Jumapili saa nne na dakika kumi, mimi niko kwenye cherehani. Nilisoma mistari ya mwanzo tu nikatoka na futi shingoni na ndala za ndani. Magoti niliyasahau. Ngazi za ukumbi sijui nilizipandaje.

Alikuwa amekaa kitini, gitaa mapajani, anapiga mwanzo wa ule wimbo. Maikrofoni iko mbele yake, shubiri moja kutoka mdomoni. Aliponiona akasema, "Shemeji, umekuja kunipima suti katikati ya wimbo?" Nilikwenda ukutani nikavuta plagi kwa mikono miwili mpaka soketi ikatoka na chokaa. Akadhani nimepata kichaa. Nikampa barua yako Taratibu, aliyekuwa pale akifunga maikrofoni, akaisoma kwa utaratibu wake ule ule, na kwa mara ya kwanza sikumharakisha.

Alirudisha soketi ukutani, akachomeka plagi, akatuambia tukae mbali. Akachukua balbu ya kawaida, hii ya sebuleni, yenye nyaya mbili. Waya mmoja akaugusisha kwenye nyuzi za gitaa likiwa limelazwa kitini. Wa pili akaugusisha kwenye maikrofoni. Mwanangu, ile balbu iliwaka. Iliwaka kwa mwanga wa kusomea. Ilikuwa mchana na bado iliweka kivuli chetu ukutani.

Taratibu akaondoa balbu, akachomoa plagi na kuifungua, akatuonyesha kipande cha waya wa kijani kilichobaki. Kimekatwa safi, hakikuchanika. Akauliza, "Nani alikata huu?"

Nikasema sijui.

Baba yako mdogo alikaa chini kwenye ukingo wa jukwaa. Akasema, si kwa kuniambia mimi, "Kaka naye usiku ule alikuwa anatekenywa. Alinionyesha vidole." Halafu akauliza kama kuna maji ya kunywa. Nilimletea. Alinishukuru. Kushukuru kwake ndiko kulikonimaliza.

Siku mbili hizi sijashona. Mkasi uko juu ya meza, nimeufunika kwa kitambaa, nikipita naupita kwa mbali kama mbwa asiyefungwa. Mke wa mwenyekiti alikuja jana kuuliza kama suti ya mumewe iko tayari, akasema, "Mama Gitaa, leo umenyamaza, unaumwa?" Nikamwambia meno.

Uliandika kwamba mengine hutaki kuyaandika. Ulikuwa unanionea huruma. Basi niyaandike mimi. Aliyemuua baba yako ni mimi. Sikutaka, Mungu anajua, nilitaka tu wasimcheke. Miaka kumi na moja nimejisifia dawa ile peke yangu nikiwa nimelala, nikitabasamu gizani. Hata wewe nilikuandikia kama nakupa zawadi.

Taratibu alitaka kuitengeneza, nimemkataza kwa sasa. Nimemwambia aiache ilivyo, imefunguliwa, plagi wazi, kile kipande kionekane. Siku ya ukumbi itawekwa juu ya meza mbele ya jukwaa, haitaunganishwa na kitu. Wewe njoo na ile nyeusi yako. Ulichagua vizuri, na kama baba yako angekuwa na mtu wa kumchagulia kwa akili badala ya kwa mapenzi, angekuwa anakusikiliza. Jukwaani isimame yako tu.

Ila kabla hamjapiga noti moja nitapanda mimi. Sitasubiri muziki kwanza, watu wakishafurahi watanisamehe haraka, na sitaki kusamehewa haraka. Wazazi wa baba yako nimewatumia ujumbe, watakuja na ndugu zake wote wa kule. Baba yako mdogo nimemwomba akae mstari wa mbele. Aliniangalia sana, akasema, "Nitakuja, shemeji," kisha akarudi mlangoni akasema tena, "Nitakuja," na sikuweza kujua sauti ile ni ya nini. Nadhani ameshajua. Anangoja niseme mwenyewe.

Usinijibu. Ukinijibu utanikataza, na mimi mtoto wangu akinikataza namsikia.

Wamealikwa wote, wa bendi, wa mtaani, wa kwao baba yako, na yule aliyepiga kelele za asali kama bado yu hai. Ukumbi wa reli, saa tisa alasiri, Jumamosi tarehe 18 Juni.

Mama yako