Uzito wa Dereva

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko kazini? Huku wazima, magoti yangu tu ndiyo yanayonung'unika. Gari lako la mashindano limekuwa bibi harusi. Fundi amelishusha, amefunga springi fupi na shokapu mpya, mtaa mzima umekuja kutazama. Nimewaambia, mwenyewe akirudi mtaliona vumbi lake tu.

Imebaki alaimenti, yaani kunyoosha matairi. Fundi hapimi matairi kiti kikiwa kitupu. Anaweka magunia ya mchanga yenye uzito wa dereva, gari likae vile litakavyokimbia. Nimemwambia kilo themanini na mbili. Nimekuzaa, nakujua. Au umenenepa?

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo kiasi. Mwambie fundi aweke hamsini na nne.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta ulipokosea kuandika. Hamsini na nne ni dada yako, tena na viatu vyake. Wewe mwenye mabega ya kuziba mlango? Na hiyo "kiasi" ndiyo nini? Fundi anasema uzito ukikosewa, usukani utavuta upande. Nambari hiyo sijampa. Niambie kweli, unaumwa?

Mama yako

30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naumwa figo tangu mwaka jana, na hizo hamsini na nne ndizo kilo zangu sasa. Barua zangu zote tangu wakati huo nimeziandikia wodini. Daktari anasema hawana la zaidi. Nilikuficha kwa sababu unanisifu sana kwa watu, nikaona aibu kupungua.

Dada akae kwenye kiti, fundi apime. Gari liwe lake. Mimi silifikii tena.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Dada yako alikaa kwenye kiti jana, ameshika usukani, analia. Fundi alipiga goti akapima matairi mpaka akamaliza. Majirani wakauliza mwenyewe anarudi lini. Badala ya kujigamba, mimi, nikaenda kukata tiketi.

Nasafiri Jumamosi, nakuja kwako. Usivae shati pana la kunificha mwili. Ulizaliwa kilo mbili na nusu, nikakutembeza wodi nzima nikiringa, wenye watoto wanene wakanicheka. Hamsini na nne kwangu ni nyingi. Nikifika, nizikute zote.

Mama yako