Motel ya Shasha na Kaburi Lako

Papa Furaha,

Tumekuzika Kibabi, kwa kaka zangu. Ndiyo, umezikwa ukweni, mwanaume mzima mwenye shamba la baba yake. Nina hasira nawe hata machozi yamegoma.

Niliomba ulazwe Shasha, kando ya mama yako, nyuma ya vyumba vya yule Mzungu. Akakataa. Eti wageni wake hawawezi kunywa kahawa huku wanatazama maiti ikishushwa. Pale kwake motokari ina mahali pa kulala, wewe huna. Kaburi la mama yako liko ndani ya waya wake, nami nalichungulia tu nikipita barabarani.

Unakumbuka alivyokuja kuomba shamba letu la muhogo? Ulimwuliza atajenga nyumba gani. Akakueleza: motel, neno la Kiingereza kutoka Amerika, wamechukua motokari na hoteli wakaunganisha. Ukafurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. Jioni ukaniambia, "Mama Furaha, usiogope. Motokari inalala, mugeni analala, asubui banaenda. Haiko nyumba ya muntu wa kubakia." Kwetu anayeomba mahali pa kulaza wageni huazimwa tu, ardhi haiwi yake, na kila mavuno huleta pombe kumshukuru mwenye shamba. Ulidhani naye anajua hayo. Mihogo nikaing'oa haijakomaa, kwa mikono yangu hii.

Mavuno yakaja, pombe haikuja. Ukaja waya, akatufungia nje ya shamba letu. Nikakusihi uende kumshtaki kwa mwami, chifu wetu, ukaona haya. Badala yake ukajifanya mwalimu wa motel! Ulieleza kanisani na sokoni Sake; hata hospitalini Kirotshe ukikohoa damu, ulikuwa unamweleza muuguzi jinsi maneno mawili yalivyoungana. Nilitamani kukuziba mdomo kwa shuka. Mungu anisamehe, nilikupenda, na bado nilitamani.

Juzi nimekwenda kwa mwami mwenyewe. Karani wake akaniambia, "Mama, bwana yako alikubali." Nikamjibu kwamba ulikubali wageni, hukukubali kufukuzwa. Mwami ameniagiza nilete wazee waliosikia mapatano yenu, kesi itasemwa maharage yakishavunwa.

Basi kwaheri, Papa Furaha. Sihamii Kibabi. Narudi Shasha kulima ukingo wa barabara mpaka kwenye waya wake, na mbele ya mwami nitasema yote uliyoyaonea haya. Nikilipata shamba, nitakuja kukuchukua nikulaze kwa mama yako. Nisipolipata, baki hapo kwa kaka zangu, na usinisubiri.

Mama Furaha