Ndege Iliyopita Juu ya Munisagara

Kambini, Dar es Salaam
14 Juni 1969

Kwako Mama Melkizedek,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na majirani wote wa huko mlimani. Mimi ni mzima wa mwili na kazi naifanya kila siku.

Jina langu Mwinshehe. Labda unanikumbuka. Ni yule askari mfupi aliyeshuka na jeneza stesheni ya Munisagara mwezi uliopita, halafu akakosa pa kushika wakati wa kupanda kilima kwa sababu wenzake wote walikuwa warefu. Mimi si rubani. Ni fundi wa injini. Kwetu ni Chanzuru, na katika kambi nzima watu wa Kilosa tulikuwa wawili tu, mimi na mwanao. Yeye wa mlimani, mimi wa bondeni. Yeye kanisani, mimi msikitini. Lakini treni ya likizo ilikuwa moja na chumba kimoja.

Nina kamera ndogo. Mkufunzi mkuu alinipa ruhusa ya kupiga picha za wanafunzi, alimradi nisipige majengo. Naambatanisha moja. Hapo Melkizedek ameegemea bawa la ndege ya mafunzo. Ni ndege ndogo, ina pangaboi moja mbele na viti viwili vya ubavu kwa ubavu, kimoja cha mwalimu na kimoja cha mwanafunzi. Huyo anayeonekana nusu pembeni ni mimi, nimeshika kopo la grisi. Aliyetupiga picha ni mpishi.

Nilitaka kuandika maneno ya rambirambi. Nimekaa nayo wiki tatu, hayakuja. Basi pokea picha.

Ni mimi, rafiki wa mwanao,
Mwinshehe

*

Munisagara, Kilosa
2 Agosti 1969

Kwako Mwinshehe,

Marahaba mwanangu. Sisi ni wazima. Mvua zimekwisha, mahindi yako darini. Hii barua ananiandikia Mwalimu Cleopa, mimi kalamu siijui.

Picha nimeipata. Watu wamekuja kuitazama. Jirani yangu Agnesi aliishika kwa upande wa aproni ili asiichafue. Kila mtu ananiuliza kama nimelia. Sijalia. Napika, napalilia, naenda kanisani, nalala. Nikiamka ni asubuhi nyingine. Wanawake wanasema kilio kitanirudi tumboni kiniue. Mimi naona hakuna kitu tumboni.

Katika picha mnacheka. Mlikuwa mnacheka nini?

Tena nakuuliza, siku ile asubuhi alisema neno lolote?

Ni mimi,
Mama Melkizedek
(Mwandishi: Mwl. Cleopa)

*

Kambini, Dar es Salaam
20 Septemba 1969

Kwako Mama Melkizedek,

Shikamoo mama, na salamu zangu zimfikie Mwalimu Cleopa. Nashukuru kusikia mahindi yameingia darini. Kwetu Chanzuru panya wameharibu mengi.

Tulikuwa tunamcheka mpishi. Alikuwa ameshika kamera kinyume, jicho ameliweka kwenye kioo cha mbele.

Leo natuma picha ya pili. Ni siku Melkizedek aliporuka peke yake kwa mara ya kwanza, mwaka jana mwezi wa kumi. Siku hiyo mwalimu anashuka, anafunga kifuniko cha kioo, anamwambia mwanafunzi, "Haya, nenda." Sisi mafundi tunasimama kando ya kiwanja kuhesabu matairi yanagusa ardhi mara ngapi. Melkizedek aligusa mara moja tu, laini, kama mtu anayelaza mtoto. Akishuka, desturi ni kumwagiwa ndoo ya maji. Ndiyo maana hapo amelowa mpaka viatu. Nyuma yake ni ndege yenyewe. Injini ile niliijua kuliko moyo wangu. Ikiwa baridi ilikohoa mara mbili ndipo ikashika, na Melkizedek alikuwa akiiambia, "Pole, mzee."

Uliuliza alisema nini asubuhi ile. Alisema nimwekee ugali, atarudi jioni.

Nilimwekea.

Rafiki wa mwanao,
Mwinshehe

*

Munisagara, Kilosa
11 Januari 1970

Kwako Mwinshehe,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu Mwalimu Cleopa alikwenda Kilosa kutibiwa mguu. Amerudi. Mimi ni mzima. Nimepanda.

Picha ya maji nimeiweka ndani ya Biblia pamoja na ile ya kwanza. Nashukuru.

Mwinshehe, wale wakubwa waliokuja na wewe kwenye mazishi walisimama mbele ya watu wakasema mwanangu alipotea katika wingu akaugonga mlima. Mchungaji naye akalirudia neno hilo kwenye mahubiri. Mimi nilikuwa shambani siku ile, navuna maharage. Hapakuwa na wingu. Mbingu ilikuwa tupu mpaka Ukaguru.

Sina zaidi ya hapo.

Mama Melkizedek
(Mwandishi: Mwl. Cleopa)

*

Kambini, Dar es Salaam
3 Machi 1971

Kwako Mama Melkizedek,

Shikamoo mama. Najua ni mwaka na zaidi sijaandika. Sikuugua. Barua yako ilikuwa kwenye sanduku langu, na kila nikifungua sanduku kuchukua soksi naiona.

Ni kweli, hapakuwa na wingu.

Nitakueleza, na Mwalimu Cleopa akusomee polepole. Safari ile ilikuwa ya mafunzo: kutoka hapa mpaka Dodoma kwa kufuata reli, peke yake. Amri ilikuwa asiiache reli na asishuke chini. Melkizedek aliniambia tangu aliporudi likizo ya Pasaka kwamba atapita juu ya nyumba yenu. Nilimwambia, "Wee, watakufukuza." Akasema, "Dakika tatu tu, Mwinshehe. Nani ataona, nyani?" Tatizo lake lilikuwa moja: kutoka juu vilima vyenu vinafanana vyote. Mimi nilikuwa nimeruka njia ile mara nyingi na walimu, kwa ajili ya kusikiliza injini. Basi nikamchorea ramani. Niliichora nyuma ya karatasi ya kukagulia mafuta. Nikaweka stesheni, mto Mkondoa unapopinda, bati la kanisa, halafu mgongo wa tatu wa mlima. Nyumba yenu nikaiwekea msalaba. Sikufikiria maana ya msalaba, niliuweka tu kama alama.

Baada ya ajali kulikuwa na kikao cha uchunguzi. Waliniuliza, "Fundi, alikwambia lolote kuhusu kuacha njia?" Nikasema, "Hapana, afande." Niliogopa wangesema alivunja amri, na azikwe kama mkosaji, bila bendera. Nikaogopa na nafsi yangu pia. Siwezi kukwambia hofu ipi ilikuwa kubwa. Wakaandika kwamba huenda lilikuwa wingu, nami nikawaachia.

Asubuhi ile nilimpiga picha. Filamu niliificha ndani ya boksi la plagi za injini karibu miaka miwili. Juzi nimeisafisha. Ni hii. Yumo kwenye kiti, kioo kiko wazi, hatazami kamera. Anatazama kitu cheupe juu ya goti. Hicho cheupe ni ramani yangu.

Ukitaka kuwapelekea wakubwa barua hii, wapelekee. Ukitaka kutojibu, usijibu.

Mwinshehe

*

Mikumi
8 Novemba 1972

Kwako Mama Melkizedek,

Shikamoo mama. Natumaini u mzima. Sikupata jibu, na sikudai. Naandika tu kukujulisha kwamba nimehama, ili barua ikija isipotelee kambini.

Nimeacha jeshi kwa hiari baada ya mkataba kwisha. Sasa natengeneza malori hapa Mikumi, kwenye karakana moja kando ya barabara mpya. Kazi ni nyingi. Malori yanagonga nyati na twiga usiku, asubuhi tunanyoosha mabati. Mikono yangu inajua cha kufanya, mimi mwenyewe naweza kuwa sipo.

Kabla ya kuondoka kambini nilikwenda kuziangalia zile ndege ndogo. Hazirushwi tena. Zimepangwa nyuma ya karakana, matairi yamelala, nyasi zimepanda mpaka kwenye mabawa, na kuku wa mke wa koplo mmoja anatagia kwenye kiti cha mwanafunzi. Nilizipiga picha nne. Nilidhani nitasikia kitu. Nilisikia kuku.

Moja ya hizo nakutumia. Si lazima uiweke.

Mwinshehe

*

Munisagara
6 Aprili 1975

Kwa Mwinshehe

Mwanangu hujambo. Mimi sijambo. Usishangae mwandiko. Ni wangu. Mwalimu Cleopa hayupo hapa. Hakuna mtu hapa. Nimefunga mlango.

Sisi tumehamishwa kutoka mlimani. Tuko chini karibu na reli katika kijiji cha ujamaa. Nyumba zimepangwa mstari. Nguzo za nyumba yangu tulizishusha kwa kichwa mimi na Agnesi. Kaburi limebaki juu. Nakwenda kufyeka kila mwezi.

Hapa kuna kisomo cha watu wazima jioni nne kwa wiki. Mwalimu wetu ni binti anaitwa Gaudiosa. Wengi walikwenda kwa sababu waliambiwa waende. Mimi nilikwenda kwa sababu ya barua yako. Imenichukua mwaka na miezi. Herufi ya gh ilinitesa. Sasa soma.

Barua yako ya ramani Mwalimu Cleopa aliisoma mpaka mwisho. Akafuta miwani. Akaniuliza Mama Melkizedek tumjibu nini. Nikamwambia hakuna jibu. Lakini lilikuwepo. Halikuweza kupita katika kinywa cha mtu mwingine. Mwalimu ni mzee wa kanisa. Ningemwambia yeye ningekuwa nimeambia mlima mzima.

Pasaka ile Melkizedek alikuwa hapa. Watu walikuwa wanasema mtoto wa Raheli harushi ndege anaziosha tu. Nilikuwa nasikia kisimani. Nikamwambia mwanangu mimi siamini mpaka nione. Pita juu ya nyumba watu waone. Akacheka. Akasema mama unataka nifungwe. Nikasema basi unaziosha. Hivyo ndivyo nilivyosema.

Siku ile nilikuwa katika maharage. Nilisikia mlio unatoka upande wa mto. Akaja. Alipita juu ya nyumba chini sana. Nikaona kichwa chake. Nikaona mkono. Alinipungia mkono Mwinshehe. Mimi nilimwona. Halafu akapandisha akawa anakwenda zake kurudi kwenye reli. Alikuwa ameshauvuka mgongo wa mlima. Alikuwa salama. Sikia neno hili. Alikuwa salama anakwenda Dodoma.

Agnesi alikuwa ndani anatwanga. Alikuwa mmoja wa wale wa kisimani. Nikaona hajatoka. Nikaona atasema hakuona kitu. Nikavua kanga ya juu nikaipunga. Nikaipunga kwa mikono yote miwili kumwita. Nikapiga kelele rudi rudi. Kelele hakusikia lakini kanga aliiona kwa sababu bawa moja lilishuka akageuka.

Alirudi kutoka upande wa mlima. Mara ya kwanza alitoka upande wa mto. Sikujua kwamba kuna tofauti. Agnesi alitoka na mchi mkononi akaniuliza ni nini hicho. Aliona moshi tu.

Kanga nilijifunga tena. Watu walipofika nilikuwa nimejifunga.

Ramani yako ilimleta mara moja akapita. Mimi ndiye niliyemrudisha. Wewe umebeba mzigo wangu miaka sita hii. Nilipaswa kukwambia upesi. Sikuwa na njia nyingine ila kujifunza hizi herufi.

Picha ya asubuhi ile ninayo. Agnesi alisema kile cheupe ni leso. Sikumsahihisha.

Sikuombi kitu. Nimekwambia ili ujue. Ukiwa hutaki kuniandikia tena nitajua ni kwa nini.

Mkono unaniuma sasa.

Mama yako
Raheli

*

Mikumi
19 Aprili 1975

Kwako mama yangu Raheli,

Shikamoo mama. Barua yako nimeipata jana kwa dereva wa lori la Kilosa. Mwandiko unasomeka vizuri sana. Hakuna neno lililonishinda.

Niliisoma nimesimama, nikaenda kumalizia gia ya lori, nikarudi nikaisoma nimekaa. Msimamizi aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza lini. Nikamwambia mwaka wa sitini na tisa. Akanipa ruhusa ya siku tatu bila kuuliza tena.

Mama, mimi nazijua ndege zile. Ukitoka upande wa mlima upepo unakukandamiza chini, na injini ile haikuwa na nguvu ya kupanda haraka. Melkizedek alifundishwa hilo. Alilijua, akageuka. Sisemi hivi ili kukuondolea neno lako. Neno lako ni lako, kama ramani ilivyo yangu. Nasema tu kwamba yule kwenye kiti hakuwa mtoto, alikuwa rubani, na alimwona mama yake anamwita. Ningekuwa mimi ningegeuka.

Jumamosi ijayo nitapanda lori mpaka Kilosa, halafu treni. Nitafika Munisagara jioni. Usije stesheni, na usipike kitu kikubwa. Jumapili ukitoka kanisani twende mlimani wote wawili ukanionyeshe uliposimama. Nitakuja na panga langu la kufyekea.

Mwanao,
Mwinshehe