Mfuko wa Barua Uliofuliwa Mitole

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, na hata ingefika sina hakika kama ninaistahili. Ni mimi Somoe, yule mwenye mdomo. Cherehani yako iko palepale dirishani, hapa mjini Masoko, na mimi ndiye ninayeikanyaga sasa. Nashona madera na sare za shule. Ila leo nimeacha kazi za watu nikuandikie habari za ule mfuko wa barua. Nina hasira, Baba. Nyingi ni juu yangu mwenyewe, lakini na wewe una fungu lako.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja kutoka Dar, mwanafunzi wa chuo kikuu. Anaandika habari za ndege za zamani zilizokuwa zikitua Lindi. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Wallahi, ndege yenyewe! Ni ileile uliyokuwa ukiisema: tumbo majini kama bata, mabawa juu, na ubavuni mashua yenye wanaume wanne, mmoja kashika kamba. Binti akanisomea maneno yaliyo chini ya picha. Rubani ana jina. Ndege ina jina. Hata bwana mmoja abiria, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa tu, naye ana jina. Wale wanne wameandikwa "wenyeji". Basi. Binti akaniuliza kama uliacha kitu chochote, hata jina moja lenye ushahidi, ili aliandike.

Nikamwambia angoje. Nikaingia chumbani kana kwamba nakwenda kutafuta, nikakaa kitandani nikalia. Kitu kilikuwapo, na mimi ndiye niliyekitoa.

Unakumbuka ulivyokuwa? Kikipita kindege cha watalii kuelekea uwanjani, unaacha nguo ya mteja sindano ikiwa bado imezama, unatoka nje, unatazama juu. Halafu unaanza. Kwanza zilikuja za vita, unasema, enzi za Mjerumani, kuitafuta manowari yake iliyojificha kwenye mikoko ya Rufiji. Zikaja za barua. Mwisho wakapandishwa mabwana. Lakini hata mabwana walipokuwa ndani, mfuko wa barua ndio ulioshuka kwanza, na aliyeupokea ni baba yako, Athumani wa Lindi. Akiuangusha majini, hana kazi. Hakuuangusha hata siku moja. Wateja walikuwa wakikonyezana. Shuleni waliniita Binti Ndege, na mimi niliwapiga, halafu nikarudi nyumbani nikakununia wewe. Siku moja, mbele ya wateja, nilikwambia: "Baba, acha uongo, ndege gani inatua baharini?" Ulivuta kitambaa ukaendelea kushona.

Na ule mfuko wa turubai ulikuwa sandukuni mwako miaka yote. Walipoziacha zile ndege, Babu alipewa mfuko huo kwa kuwa ulikuwa umetoboka chini, na wewe ukautia kiraka. Niliuona mara mia. Kila nikiuliza kwa kejeli una nini cha maana, unasema, "Siku utakapouliza vizuri, nitakuonyesha."

Ndiyo hasira yangu ya kwanza kwako. Povu la bahari ulinisimulia, viatu vya rubani ulinisimulia, mpaka harufu ya mafuta yake. Ungepungukiwa nini kuniambia na hilo moja bila kuulizwa? Mtu na mwanawe wanategeana mpaka mmoja anakufa! Sasa tazama.

Siku ya maziko yako mtani wako, Mzee Kasiani, alishuka kutoka Mitole. Unamjua alivyo. Hakuna aliyemzuia, na nani amzuie mtani msibani? Akaingia chumbani mwako, akafungua sanduku, akatoka kavaa kofia yako na ule mfuko begani, kaujaza makumbi ya nazi. Akanyoosha mikono, akavuma kama ndege, akatua katikati ya waombolezaji. Akawagawia makumbi: barua yako hii, na yako hii, marehemu anawasalimu. Watu walicheka huku machozi yanatoka. Nami nilicheka. Kisha akasema mfuko huu ni wake mpaka wenye msiba waukomboe, na alitaka jogoo mmoja tu.

Mila hiyo naijua tangu utoto. Mtani huchukua kitu cha marehemu ili wafiwa wakimbilie kukikomboa, na watu wote waone kwamba kitu cha mtu wao kina thamani. Najua. Tulikomboa fimbo ya Babu, tulikomboa kanga ya Mama. Wewe sikukukomboa.

Kasiani alingoja. Alikuja mpaka arobaini yako, Baba, mfuko kaushika mapajani, akakaa barazani anakula pilau kwa mkono mmoja. Aliponiona akaniambia: "Somoe, mzigo wa baba yako mzito, hamuukomboi?" Jogoo walikuwa wanapita miguuni mwangu. Na mimi, kwa huu mdomo wangu, nikamjibu: "Kaa nao tu, mtani. Siku hizi barua tunatuma kwa simu." Baraza zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinawa mkono akaenda zake, na mimi nikajiona mjanja.

Basi yule binti alipoondoka na kuniachia namba yake, nilikamata jogoo nikapanda bodaboda mpaka Mitole. Kasiani nilimkuta anapepeta ufuta. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akautoa mfuko ndani. Ulikuwa mweupe pe, umekunjwa kama kanzu ya Idi. Nikauliza umefanyaje. Akajibu kwa kujivuna kidogo, maskini, kwamba ameutunza.

Alitaka kuutilia mbegu za ufuta. Akaugeuza ndani nje aukung'ute, akakuta maandishi ya wino, herufi za Kiarabu, mistari minne. Yeye ni Mkatoliki, herufi hizo hazijui. Akadhani ni maneno ya Mungu. Akaogopa. Atawekaje ufuta juu ya maneno ya Mungu? Akamuuliza jirani yake Mwislamu, bila kumwonyesha, maana alidhani labda ameshika kitu asichostahili kukishika: maneno matakatifu yakiwa kwenye kitambaa hufanywaje? Jirani akamwambia huoshwa kwa maji safi, na maji yake humwagwa pasipokanyagwa na mguu wa mtu. Akafanya hivyo hivyo. Alitumia sabuni ya mche na brashi asubuhi nzima, mpaka wino ukatoka. Maji akayamwaga kwenye shina la mchungwa nyuma ya nyumba, akazungushia miiba.

Mistari minne, Baba. Wanaume wanne kwenye mashua.

Nilitaka kumtukana nikakosa tusi. Mtu kaheshimu maandishi asiyoyajua kuliko mimi niliyehitimu madrasa na ninayesoma herufi zile bila kuvuta pumzi. Akaniuliza, "Kwani ilikuwa sura gani?" Nikampa jogoo. Akamtazama, akasema sasa wa nini, mwanangu, lakini akampokea kwa mikono miwili.

Nyumbani nikaugeuza. Ndani mweupe. Kiraka chako tu kilikuwa palepale chini, mshono wako wa kurudi nyuma, uliobana kama kawaida yako. Nikachukua wembe nikaufumua, uzi kwa uzi. Chini yake wino ulikuwepo, kwa mwandiko wa Babu. Nilisema bismillahi, nikasoma: Salumu bin Ausi, Mchinga.

Sio Babu. Umemfunika Salumu wa watu, Babu umemwacha wazi afuliwe.

Nikakaa na kalamu, Baba. Usinikasirikie. Mwandiko wa Babu naujua kutoka kwenye msahafu wake, na wino mweusi ninao. Athumani bin Selemani, Lindi. Ni maneno machache, na yule binti asingejua. Niliigusisha ncha kwenye turubai. Halafu nikafikiria: maisha yako yote nimekuita muongo na hukuwa muongo. Nikiandika hapa, ndipo utakapokuwa. Nikafunika kalamu.

Binti alirudi juzi. Jina la Salumu ameliandika kwa wino, akalipiga picha, akafurahi mno. La Babu nilimtajia kwa mdomo. Ameliandika kwa penseli, na mbele yake ameweka alama ya kuuliza. Nilimshukuru. Ningefanya nini?

Kiraka nimekirudisha, kwa mshono wako. Mkono wangu haujabana kama wako. Kasiani nimemwambia ukweli, ilibidi, na alilia kama mtoto. Utani wote ukamtoka. Sasa anaumwagilia ule mchungwa kila siku, na mimi sijui kama ananifariji au ananiadhibu.

Jumamosi napanda basi kwenda Mchinga. Huenda Salumu aliacha wajukuu, na huenda nao wana babu yao wanayemwita muongo, na sanduku lisilofunguliwa. Nikifika nitavua viatu, nitaamkia, nitakaa chini. Sitakejeli. Nitauliza vizuri, Baba, kama ulivyotaka niulize.

Mungu akulaze pema. Laiti ningekuuliza wewe.

Mwanao,
Somoe